Skrinseva Haianzi Yenyewe Kwenye Kompyuta: Sababu Zake na Namna ya Kuzirekebisha

Kuna swali ambalo wasikilizaji wetu wanaofanya kazi kwenye ofisi za ushirika, shule, zahanati na maduka ya steshenari hutuuliza mara kwa mara: kompyuta imepangwa iwashe skrinseva baada ya dakika tano, lakini mtu akiondoka, hata nusu saa ikipita, kioo kiko vilevile. Barua iliyokuwa ikiandikwa iko wazi. Orodha ya wakulima iko wazi. Anayepita anasoma.

Kwa haraka mtu anaweza kusema hilo ni jambo dogo, kwa kuwa skrinseva ni picha tu za kupendeza. Lakini kwenye kompyuta nyingi za ofisi, skrinseva ndiyo inayofunga mlango mwenye kazi anapoondoka. Isipoanza, na mlango haufungwi. Ndiyo maana tumeandika makala hii hatua kwa hatua, ili uisome kwenye simu yako huku umekaa mbele ya hiyo kompyuta yenye shida. Tumetumia mfano wa Windows 10 na Windows 11, maana ndizo zilizo kwenye kompyuta nyingi za ofisi zetu. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye kioo, ili usipotee.

Kama huna kompyuta, usiondoke. Mwishoni tunaeleza habari ya simu, na pia kwa nini jambo hili linakuhusu wewe ambaye jina lako limo kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

SKRINSEVA NI NINI, NA ILITOKA WAPI

Skrinseva, ambayo vitabu vingine huiita kihifadhi skrini, ni programu inayofunika kioo cha kompyuta kwa picha zinazotembea, maandishi au weusi mtupu pale mtumiaji anapokaa muda bila kugusa chochote. Ukigusa kipanya au kibodi, inaondoka.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhifadhi kioo, kama jina linavyosema. Kompyuta za zamani zilikuwa na vioo vinene kama televisheni za chogo. Ndani ya kioo hicho mlikuwa na dawa inayong'aa ikipigwa na umeme. Maandishi yaleyale yakikaa mahali pamoja siku nyingi, dawa ya sehemu hiyo ilichoka kabla ya nyingine, na alama yake ikabaki hata kompyuta ikizimwa. Mwezi Desemba 1983, mtaalamu wa programu aitwaye John Socha alichapisha katika jarida la Softalk la Marekani programu fupi aliyoiita SCRNSAVE. Ilichofanya ni kuzima maandishi yote kioo kikikaa dakika tatu bila kazi.

Baadaye zikaja za kuburudisha. Mwaka 1989 kampuni ya Berkeley Systems ilitoa After Dark, iliyojulikana sana kwa picha za vibaniko vya mkate vyenye mabawa vikiruka angani. Mwaka 1992 Windows 3.1 ilikuja na skrinseva zake yenyewe, na mtumiaji aliweza kuziwekea neno la siri. Hapo ndipo kazi ya pili ilipoingia: kuzuia mtu mwingine asiendelee na kompyuta yako ukiwa haupo.

Vioo bapa vya siku hizi haviungui kirahisi kama vile vya chogo, kwa hiyo kazi ya kwanza imepungua sana. Kazi ya pili ndiyo imebaki, na ndiyo yenye uzito.

KOMPYUTA INAJUAJE KWAMBA UMEONDOKA?

Ukilielewa hili, nusu ya tatizo umelimaliza.

Kompyuta haikuoni. Haijui kama umekwenda kunywa chai au umekaa unaiangalia. Inachofanya ni kuhesabu muda tangu ilipoguswa mara ya mwisho. Kila ukibonyeza herufi au kusogeza kipanya, hesabu inarudi sifuri na kuanza upya. Ikifika dakika ulizoweka, skrinseva inaanza.

Ni kama mama anayesubiri mtoto alale ndipo azime taa. Mtoto akijigeuza kidogo, mama anaanza kusubiri upya. Mtoto akijigeuza kila dakika, taa haitazimwa usiku kucha, na mama hana kosa lolote.

Kwa hiyo skrinseva isipoanza yenyewe, mara nyingi yenyewe ni nzima. Sababu kubwa huwa ni moja kati ya hizi nne: haijachaguliwa, kioo kinazimwa kabla zamu yake haijafika, kuna kitu kinachoigusa kompyuta bila wewe kujua, au kuna programu iliyoiambia kompyuta isubiri. Tutazipitia moja baada ya nyingine.

KWANZA, JARIBIO LA DAKIKA MOJA

Kabla ya kumwita fundi, fanya jaribio hili. Litakuonyesha pa kuanzia.

Bonyeza kitufe cha "Start", kisha andika maneno screen saver. Utaletewa jibu lenye maneno hayo; lifungue. Njia nyingine ni kupitia "Settings", halafu "Personalization", halafu "Lock screen", kisha ushuke chini hadi uone "Screen saver". Kitafunguka kidirisha kidogo chenye picha ya kioo juu yake.

Ndani ya kidirisha hicho angalia kitufe kilichoandikwa "Preview". Kibofye, kisha uondoe mkono kabisa kwenye kipanya. Yatatokea mambo matatu.

Jambo la kwanza: skrinseva inatokea na kubaki. Hapo ujue skrinseva ni nzima na shida iko kwenye kuhesabu muda.

Jambo la pili: inatokea na kupotea palepale bila wewe kugusa kitu. Hapo kuna kifaa kinachojigusa chenyewe, na mshukiwa wa kwanza ni kipanya.

Jambo la tatu: haitokei kabisa, au kioo kinaganda. Hapo skrinseva uliyochagua ndiyo yenye kasoro.

Baada ya hapo, kwenye nafasi iliyoandikwa "Wait" weka dakika 1, bonyeza "Apply", halafu kaa mbali na meza kwa dakika mbili. Kuweka dakika moja kunakuokoa usisubiri robo saa kila unapojaribu kitu. Ukishamaliza kurekebisha, utarudisha muda unaoutaka.

SABABU YA 1: HAIJACHAGULIWA, AU MUDA HAUKUHIFADHIWA

Inachekesha, lakini ipo. Kwenye kompyuta nyingi mpya, skrinseva haijawashwa kabisa. Katika kidirisha kile utaona neno "(None)", maana yake hakuna. Mtu anaweza kubadilisha dakika na kudhani amemaliza, kumbe hajachagua skrinseva yenyewe.

Bofya orodha hiyo na uchague mojawapo. Kwa ofisi tunashauri "Blank", yaani weusi mtupu, kwa sababu haina picha za kuchosha mashine. Kisha bonyeza "Apply", halafu "OK". Ukifunga kidirisha kwa alama ya msalaba iliyo juu kabla ya kubonyeza "Apply", mabadiliko hayahifadhiwi.

Jambo jingine: mpangilio huu ni wa mtumiaji mmoja. Kama mwalimu na mhasibu wanaingia kwenye kompyuta moja kwa majina tofauti, kilichowekwa na mmoja hakimhusu mwenzake. Kila mmoja aingie kwa jina lake na aweke chake.

SABABU YA 2: KIOO KINAZIMWA KABLA ZAMU YA SKRINSEVA HAIJAFIKA

Kompyuta ina mpangilio mwingine wa kupunguza matumizi ya umeme. Huo unazima kioo, na baadaye unailaza kompyuta nzima. Mipangilio hii miwili haisubiriani. Ukiweka skrinseva ianze baada ya dakika 15, lakini kioo kimepangwa kizimike baada ya dakika 5, hutaiona skrinseva hata siku moja. Utaona giza tu.

Fungua "Settings", halafu "System", kisha sehemu iliyoandikwa "Power". Kwenye Windows 10 imeandikwa "Power & sleep". Utaona muda wa kuzima kioo. Kwenye laptopu kuna muda wa aina mbili: mmoja kompyuta ikitumia betri, mwingine ikiwa kwenye umeme. Ndiyo maana mtu anaweza kusema skrinseva inaanza asubuhi na mchana haianzi, kumbe tofauti ni waya wa kuchaji.

Panga hivi: skrinseva ije kwanza, kioo kizimike baadaye. Kwa mfano, skrinseva dakika 5 na kioo dakika 10.

Tahadhari moja: kioo kilichozimika si lazima kiwe kimefungwa. Kwenye kompyuta nyingi za mezani, mtu akitikisa kipanya kabla dakika za skrinseva hazijatimia, kazi yako yote inarudi kama ulivyoiacha. Usidanganyike na giza.

SABABU YA 3: KIPANYA KINACHOTETEMEKA

Vipanya vya siku hizi vina taa chini yake na kijicho kinachoangalia meza. Meza ikiwa ya kioo, au inayong'aa sana, kijicho hicho kinaweza kuchanganyikiwa na kudhani kipanya kinasogea. Vumbi au uzi ukinasa kwenye tundu la taa, matokeo yanaweza kuwa yaleyale. Mshale unaruka kidogo sana, pengine hata huoni, lakini kwa kompyuta hiyo ni sawa na kuguswa. Hesabu inarudi sifuri.

Kupima ni rahisi. Acha dakika moja kwenye "Wait", kisha kigeuze kipanya chali, au kichomoe kabisa. Kama kinatumia betri, kizime kwa swichi ya chini. Kaa kando dakika mbili. Skrinseva ikianza, umekwishampata mkosaji.

Dawa yake haina gharama kubwa. Safisha tundu la taa kwa pamba au kitambaa laini kikavu. Weka chini ya kipanya kipande cha boksi, daftari lisilong'aa au kitambaa kinene. Ikishindikana, badilisha kipanya.

Usiishie hapo. Angalia kila kitu kilichochomekwa kwenye kompyuta. Usukani na vidhibiti vya michezo vinajulikana kwa kuzuia skrinseva. Kibodi yenye kitufe kilichonasa, au daftari lililolalia herufi, nayo inafanya hivyohivyo. Chomoa kimoja, jaribu, kisha chomoa kingine. Usichomoe vyote kwa pamoja, maana hutajua kipi kilikuwa na kosa.

SABABU YA 4: PROGRAMU ILIYOSEMA "SUBIRI"

Programu nyingine zina ruhusa ya kuiambia kompyuta isizime kioo. Ni jambo la busara: ukitazama mkutano wa video kwa saa nzima bila kugusa kitu, hutaki kioo kifunikwe kila dakika tano. Programu za kutazama filamu, za mikutano ya video na za kuonyesha slaidi zote hufanya hivyo. Shida inakuja pale video inapobaki ikicheza nyuma ya dirisha jingine, au programu inaposahau kutoa taarifa kwamba imemaliza.

Anza kwa kufunga madirisha yote, hasa ya mtandao yenye video, kisha jaribu tena. Bado? Zima na uwashe upya kwa kuchagua "Restart". Hapa chagua "Restart", si "Shut down". Kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 na 11, "Shut down" huhifadhi sehemu ya hali ya mfumo ili kuwaka kuwe kwa haraka, wakati "Restart" inaanza upya kabisa.

Kama bado, kuna amri inayotaja mkosaji kwa jina. Bonyeza "Start", andika cmd, kisha bofya kwa kitufe cha kulia kwenye "Command Prompt" na uchague "Run as administrator". Kitafunguka kidirisha cheusi. Andika hivi, halafu ubonyeze Enter:

powercfg /requests

Utaona orodha yenye vichwa vya habari. Angalia chini ya neno DISPLAY, yaani kioo. Kukiwa na neno "None", hakuna programu iliyoomba kioo kibaki kimewaka. Kukiwa na jina la programu, ndiyo hiyo, ifunge. Kwa kawaida amri hii haitaji kipanya, kwa hiyo ukikuta "None" na skrinseva bado haianzi, rudi kwenye sababu ya 3.

UKIKUTA VITUFE VIMEFIFIA

Wakati mwingine unafungua kidirisha cha skrinseva na kukuta nafasi zote zimefifia, hazibofyeki. Kompyuta haijaharibika. Maana yake kuna msimamizi aliyeipanga kutoka ofisi kuu, na wewe huna ruhusa ya kubadilisha. Ni kawaida kwenye kompyuta za benki, halmashauri na miradi. Usitafute ujanja wa kuzunguka. Mpigie anayehusika na kompyuta huko juu, umweleze unachokiona, naye atarekebisha.

SKRINSEVA YENYEWE IKIWA MBOVU

Kama kwenye jaribio la "Preview" haikutokea, chagua nyingine, "Blank" kwa mfano, na ujaribu tena. Ikifanya kazi, tatizo ni ile ya mwanzo. Skrinseva ya picha inayoitwa "Photos" hutegemea folda yenye picha. Folda ikihamishwa, au picha zilikuwa kwenye flashi iliyochomolewa, haina cha kuonyesha.

Hapa tuseme jambo zito. Usipakue skrinseva za bure mtandaoni. Faili la skrinseva kwenye Windows huishia na herufi .scr, nalo ni programu kamili inayoweza kufanya chochote kwenye kompyuta, sawa na programu nyingine yoyote. Wahalifu wamelitumia jina hilo kwa miaka mingi kupenyeza virusi, kwa sababu mtu akisikia skrinseva anadhani ni picha tu. Mtu akikutumia kwenye barua pepe au flashi "picha" inayoishia na .scr, usiifungue. Zile zilizokuja na Windows zinatosha.

HATUA AMBAYO WENGI WANAIRUKA: KUFUNGA

Sasa skrinseva inaanza. Je, kazi imekwisha? Bado. Skrinseva bila kufuli ni pazia mlangoni. Mtu anasukuma tu na kuingia.

Rudi kwenye kidirisha kile. Karibu na "Wait" kuna kiboksi chenye maneno "On resume, display logon screen". Weka alama ya tiki hapo, kisha "Apply". Kuanzia sasa, anayegusa kipanya wakati skrinseva inacheza atapelekwa kwenye mlango wa neno la siri. Jina lako la kuingilia kwenye kompyuta lisipokuwa na neno la siri, tiki hiyo haimzuii mtu. Weka neno la siri kwanza, na usiliandike kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya kioo.

Halafu jifunze njia ya mkono. Kwenye kibodi kuna kitufe chenye nembo ya Windows, kwa kawaida chini upande wa kushoto. Kishikilie na ubonyeze herufi L. Kompyuta inafungwa papo hapo. Fanya hivyo kila unaponyanyuka kwenye kiti, hata kama ni kumfungulia mgeni mlango. Skrinseva ibaki kuwa akiba, kwa siku utakayosahau.

Na dakika ngapi zinafaa? Kwenye ofisi ambayo watu wanaingia na kutoka, dakika 5 ni kiasi kizuri. Ukiweka moja, utachoka kuandika neno la siri na mwishowe utaizima kabisa. Ukiweka thelathini, ni sawa na hakuna.

KWA WANAOTUMIA SOLA

Wengi wenu mnatumia umeme wa jua, na tumesikia watu wakisema skrinseva inaokoa betri. Si kweli. Kioo bapa kina taa nyuma yake, na taa hiyo inaendelea kuwaka hata picha ikiwa nyeusi. Skrinseva yenye michoro inayozunguka inaweza hata kuipa kompyuta kazi zaidi. Kinachookoa betri ni kuzima kioo na kuilaza kompyuta kupitia ile sehemu ya "Power". Kwa hiyo mpango mzuri kwa mwenye sola ni huu: skrinseva yenye kufuli dakika 3, kioo kizimike dakika 5, kompyuta ilale dakika 15. Kufuli kwanza, giza baadaye.

NA SIMU JE?

Simu za Android nazo zina skrinseva, lakini wengi hawajaiona, kwa sababu imepangwa ifanye kazi simu ikiwa inachajiwa au imewekwa kwenye kitako chake. Ukiiwasha na kuisubiri simu ikiwa mfukoni, haitakuja. Hilo si tatizo.

Kwenye simu, kinachofanya kazi ya skrinseva ni muda wa skrini kuzima. Fungua Mipangilio, nenda sehemu ya skrini au onyesho, na utafute muda huo. Simu nyingi zinakupa kuchagua kuanzia sekunde 15 hadi dakika kadhaa. Sekunde 30 zinatosha mtu kusoma ujumbe. Kisha hakikisha kufuli la namba, mchoro au kidole limewashwa. Simu yenye pesa ya mtandao ndani yake isiyo na kufuli ni pochi iliyoachwa wazi sokoni.

Wenye simu za vioo vya aina ya AMOLED wana sababu ya ziada. Vioo hivyo bado vinaweza kubaki na alama, kama vile vya chogo vya zamani, picha moja ikikaa muda mrefu sana mahali pamoja. Kuacha skrini ikizimika mapema kunakisaidia kioo pia.

KWA NINI HILI LINAKUHUSU HATA KAMA KOMPYUTA SI YAKO

Fikiria ni kompyuta ngapi zina jina lako. Kwenye ushirika kuna kilo za korosho au kahawa ulizopeleka, namba ya akaunti yako ya benki na namba yako ya simu. Zahanati inaweza kuwa na majibu ya vipimo vyako. Shuleni kuna matokeo ya mtoto. Kwenye steshenari uliacha nakala ya kitambulisho ulipokwenda kuomba mkopo. Hukuchagua wewe muda wa skrinseva kwenye kompyuta hizo, lakini zikiachwa wazi, anayeumia ni wewe. Mwenye kujua kiasi cha mauzo yako na siku ya kulipwa ana kila anachohitaji kukupigia simu ya utapeli.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Jirani zetu wa Kenya wana sheria kama hiyo tangu 2019. Sheria hizi zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde zisifikiwe na wasiohusika. Kompyuta iliyoachwa wazi mezani wakati mhusika yuko nje ni kinyume cha shabaha hiyo.

Kwa hiyo ukiingia ofisini ukakuta kioo kiko wazi na hakuna mtu, usisome na usikae kimya. Mwenye kazi akirudi, mwambie kwa heshima: "Samahani, nimekuta kompyuta iko wazi. Naomba uwe unaifunga, maana na mimi nimo humo." Hakuna ubaya katika kusema hivyo. Na kama hajui namna ya kuifunga, mpe simu yako asome makala hii.

KWA UFUPI

Skrinseva ikikataa kuanza, fuata mpangilio huu:

1. Fungua kidirisha cha skrinseva, hakikisha umechagua moja na si "(None)", na umebonyeza "Apply".
2. Bonyeza "Preview" uone kama ni nzima. Weka dakika 1 kwa ajili ya majaribio.
3. Linganisha muda wake na muda wa kuzima kioo. Skrinseva itangulie.
4. Geuza au chomoa kipanya, kisha vifaa vingine, kimoja kimoja.
5. Funga video na programu nyingine, kisha "Restart".
6. Tumia powercfg /requests na usome chini ya neno DISPLAY.
7. Vitufe vikiwa vimefifia, wasiliana na msimamizi.
8. Ikishaanza, weka tiki ya kufuli na neno la siri, kisha urudishe muda kwenye dakika 5.

Ukimaliza hatua zote nane na bado haianzi, hapo sasa mwite fundi, na umweleze ulichokwisha kujaribu ili asianze mwanzo na kukutoza muda mrefu. Wakati unamsubiri, usiache ofisi wazi: kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi L vinafunga kompyuta hata kama skrinseva imegoma.